Mfanyakazi Asiye na Ujira

Mashine ya baridi ikiharibika hukuambia yenyewe, ukiwa na masikio. Kompresa huunguruma kwa uchungu, bomba hutoka jasho mahali pasipostahili, feni hugonga. Hood aliishi kwa elimu hiyo. Hakuna shule iliyomfundisha. Alijifunza kwa kufungua friji moja baada ya nyingine, akiziweka skrubu zake ndani ya kisahani cha chai zisipotee, na hakuwahi kuilaumu mashine kabla ya kuisikiliza. Karakana yake ilikuwa pembeni mwa barabara ya Sur, mjini Al Kamil wal Wafi, baina ya duka la matairi na mwuza chakula cha mbuzi, na wenye mashamba waliokuwa na vyumba vya baridi vya kuwekea tende walimpigia simu hata kutoka Al Qabil.

Lakini alasiri ile mbele yake palikuwa na kitu kisichounguruma wala kutoka jasho. Kwenye kioo cha kompyuta, chini ya hesabu zake za kodi za mwaka uliopita, mstari mwekundu ulikuwa umekaa palepale ulipokaa jana na juzi:

"Mfanyakazi hana ujira. Thibitisha au ondoa."

Alithibitisha. Kijiduara kikazunguka. Mstari ukarudi, mwekundu vilevile.

Miaka yote hesabu zake zilikuwa mikononi mwa mhasibu mmoja mtu mzima, Mhindi wa Sur, aliyekuja kila mwaka na kalamu yake na kuondoka na mtungi wa samli. Bima ya afya ya karakana aliiandika mstari mmoja tu katika matumizi, na mambo yakapita. Mwaka huu mhasibu alikuwa amerejea kwao kupumzika, na Wijdan, binti yake Hood aliyeajiriwa Nizwa, akamnunulia babake programu. "Itakufanyia kila kitu, Baba," alisema. "Wewe unajaza tu."

Hood akajaza. Mpaka alipofika kwenye bima.

Bima ilikuwa na watu watano: Hood mwenyewe, mafundi wake watatu, na Bi Rahila. Mafundi hawakuleta neno. Hood mwenyewe, programu ilimwambia kwamba yeye si mfanyakazi bali ni mwenye mali, na bima yake ni matumizi yake ya nyumbani, haikatwi katika faida. Hilo halikumpendeza, maana ugonjwa ukimlaza kitandani karakana nayo hulala, lakini aliisoma sheria yao mara mbili akakubali. Kwa Bi Rahila ndipo palipokuwa na kazi. Akiiweka sehemu yake upande wa wafanyakazi, programu huihamishia upande wa mwenye mali. Upande huo ukikua, faida nayo hukua. Faida ikikua, kiasi anachoruhusiwa mwenye mali kujilipa hubadilika, na hicho kikibadilika, programu huigawa bima upya, na ikishaigawa upya faida haiwi ileile tena. Kila alipobonyeza "kokotoa" alipata kodi nyingine. Asubuhi ilikuwa ndogo, adhuhuri kubwa, alasiri baina ya hizo mbili. Alikuwa akitwanga maji kinuni, na kinu chenyewe kilikuwa kikimwandikia ahsante kila anapotwanga.

Tofauti yenyewe haikufika bei ya kondoo wa Idi. Angeilipa akalala. Ila programu haikumwachia awasilishe hesabu maadamu ule wekundu upo, na kampuni ya bima nayo haikutaka tena orodha ya mkono. Ilitaka orodha ya wafanyakazi itokayo kwenye programu hiyohiyo, yenye alama ya kijani. Bima ilikuwa inakwisha mwisho wa mwezi. Na mwanzoni mwa mwezi ujao, katika hospitali moja ya binafsi mjini Sur, Bi Rahila alikuwa amepangiwa kutolewa mtoto wa jicho, kwanza la kulia kisha la kushoto.

"Thibitisha au ondoa." Kuondoa ilikuwa kazi ya kidole kimoja. Wekundu ungeondoka, na Bi Rahila naye angeondoka.

Ghaith, fundi wake mkubwa, aliingia na sinia la chakula cha mchana kilichochelewa. Wazee wake Ghaith walirudi kutoka Kigoma, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara, chenye gereji ndani yake.

"Bosi, bado unapigana na sistimu?"

"Sipigani nayo. Naisikiliza."

"Inasema nini?"

"Inasema Mama hana ujira."

Ghaith alikaa chini, akavuta bakuli la choroko za nazi. "Hata mimi ukinicheleweshea mshahara naandika kwa wekundu," alisema. Kisha akatafuna, na taya lake likasita. Akatia vidole mdomoni, akatoa kijiwe, akakiweka ukingoni mwa sinia bila ya neno. Pale ukingoni palikuwa na vijiwe vingine viwili vya fundi aliyekula kabla yake.

Zamani choroko za Bi Rahila ungeweza kumlisha mtoto asiye na meno. Siku hizi alizichagua kwa vidole, akiinua ungo karibu na uso kama mtu anusaye, na vijiwe vilimpita. Hood aliviokota vijiwe vyote akavitia mfukoni, ili sinia lirudipo jikoni Bi Rahila asije akavigusa.

---

Tuseme ukweli wa mambo, kwa maana programu haikuuliza. Hood alizaliwa Wete, Pemba, na mamake mzazi akafariki kabla ya arubaini kutimia. Jirani yao Rahila, mwanamke kijana aliyekuwa na mtoto wa kike wa miezi michache, alimpokea akampa ziwa lake. Walinyonya wawili, mmoja huku na mmoja huku, mpaka wakaachishwa. Baadaye ukoo wa Hood ukahamia Oman, mtoto akakua, akafungua karakana. Bi Rahila akafiwa na mume, kisha na yule binti, na Hood aliposikia kwamba mama yake wa kunyonya anaishi peke yake alikwenda mwenyewe kumchukua.

Kumleta kulikuwa rahisi. Kumkalisha ndiko kulikokuwa na taabu, maana pasi yake ilikuwa ya huko na si ya Oman, na kunyonyesha hakuna sanduku lake katika fomu yoyote. Katika ofisi moja ya kuchapa miamala ya serikali mjini Ibra, binti mmoja aliyeitwa Fawziya alimwingiza katika orodha ya karakana kama mpishi. Hood alishukuru, akatia sahihi, na tangu siku hiyo alibeba moyoni kidonge kidogo cha haya: kwamba amesema uwongo mbele ya serikali, amemwita mama yake mtumishi. Kila baada ya miaka miwili walipoifanya upya kadi yake ya ukaazi, kidonge hicho kiligeuka.

Programu ilikuwa na ukurasa wa "familia ya mwenye mali." Alikwishaujaribu. Uliuliza uhusiano: mke, mtoto, baba, mama. Akachagua mama. Kijiduara kikazunguka, kikaenda kuuliza huko kinakouliza, kikarudi:

"Mama wa mwenye mali ni marehemu."

Hood aliufunga ukurasa huo asiurudie tena.

Siku iliyofuata aliandika kwenye kisanduku cha msaada cha programu. Aliandika kwa Kiarabu kizuri, pole pole, akieleza hatua kwa hatua alichobonyeza na kilichotokea, kama anavyopenda wateja wamweleze friji zao. Jibu lilikuja kabla hajaondoa mkono.

"Tunathamini subira yako. Je, unataka kujua jinsi ya kuongeza mfanyakazi?"

Akaandika kwamba hataki kuongeza.

"Tunathamini subira yako. Je, unataka kujua jinsi ya kuondoa mfanyakazi?"

Akaandika kwamba hataki kuondoa. Anataka kujua kwa nini bima ya mtu mmoja inabadilisha kodi kila inapohesabiwa.

"Umefurahishwa na huduma yetu?" iliuliza. Chini yake palikuwa na nyuso tano, ya kwanza ikilia na ya mwisho ikicheka. Hood alizitazama zote. Mtu anayelia hakuwa yeye, na anayecheka pia. Akazima kompyuta, akatoka nje, akaosha kichujio cha kiyoyozi ambacho hakikuwa kichafu.

Alimpigia Wijdan.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mwanangu. Kitu chako hiki kimeniweza."

"Kitu changu? Mimi nimekununulia na fedha yangu."

"Ndiyo nasema kitu chako."

Alimsomea mstari mwekundu. Wijdan alicheka kidogo, kisha akawa mhasibu. "Baba, hii sahali kabisa. Andika mshahara. Raqam yoyote, namba yoyote tu. Khalas."

"Sijawahi kumlipa mshahara."

"Najua. Andika tu."

"Niandike ambacho sikulipa?"

"Basi lipa."

Barabarani lilipita lori la maji, na Wijdan upande wa pili alilisikia akangoja lipite.

"Nimlipe bibi yako mshahara," Hood alisema. "Nimwite hapa, nimwambie haya Mama, panga foleni nyuma ya Ghaith."

"Sijasema foleni."

"Utasemaje basi?"

"Baba, yaani... Basi mtoe kwenye programu, tumlipie operesheni sisi. Mimi nitatoa, wewe utatoa."

"Jicho la kulia tutalipa. Na la kushoto? Na sukari yake? Na akianguka? Miaka yake sasa hakuna kampuni itakayompokea peke yake, nimeshauliza. Akitoka katika orodha hii harudi."

"Basi sijui, Baba. Ukikataa hii na ukikataa ile, programu ifanye nini?"

Lilikuwa swali la haki, na kwa sababu lilikuwa la haki lilimuudhi zaidi. Alimuaga bintiye kwa upole zaidi kuliko alivyohisi. Usiku aliota anafungua kompresa, na ndani yake mna kompresa nyingine.

---

Fawziya alikuwa bado pale Ibra. Ofisi ilikuwa imebadilisha meza na kioo cha mbele, na yeye mwenyewe alikuwa sasa mama wa watu, amevaa miwani, lakini vidole vilikuwa vilevile, vikichapa huku macho yakimtazama mteja. Hood alingoja zamu yake, akakaa, akaeleza. Alieleza kila kitu kwa mpango, na alipofika kwenye neno "mpishi" akashusha sauti.

"Nimekuja kwako kwa sababu wewe ndiye uliyenistiri wakati ule," alisema. "Ule uwongo ulioandika kwa ajili yangu sasa umetuzidi."

Vidole vya Fawziya vilisimama. "Uwongo gani, ami Hood?"

"Wa mpishi."

"Mimi siandiki uwongo. Nina watoto wa kulisha kwa kiti hiki." Hakukasirika, lakini alivua miwani. "Wewe umesahau, mimi sikusahau, kwa sababu nilicheka siku nzima. Nilikuuliza, huyu mama anafanya kazi gani? Ukanambia, hafanyi kazi, anapika tu. Nikakuuliza, anampikia nani? Ukasema, mimi, na mafundi, na mteja akiwepo naye anakula. Nikakuuliza, kila siku? Ukasema kila siku. Basi nikaandika mpishi. Nilitaka niandike nini?"

Hood aliigeuzageuza karatasi ya zamu yake mkononi.

"Bado anapika?" Fawziya aliuliza.

"Bado."

"Ijumaa pia?"

"Ijumaa anapika biriani."

"Lahaula," Fawziya alisema kwa sauti ndogo, akavaa miwani yake. "Sasa nisikilize. Programu zote hizi ni wehu, kila mtu analia hapa, hukuja peke yako. Lakini hili moja halikukosea. Mpishi yupo na ujira haupo. Mlipe wa mwaka uliopita wote, uupitishe benki kwenye akunti yake, uandike kama ulivyo, kwamba ulicheleweshwa. Mahali pa kuandikia papo. Na mwezi huu uanze kwa wakati wake. Ya miaka ya nyuma mtayasema wenyewe, nyumbani kwenu."

"Yule ni mamangu, Fawziya. Amenipa ziwa lake."

"Na chakula cha karakana, nacho amekupa ziwani?"

Mteja aliyekuwa nyuma yake alikohoa. Hood aliondoka akiwa na karatasi ya namba za kujaza, na hakukumbuka kusema kwaheri.

Njia nzima ya kurudi, kupita Al Qabil na Bidiyah, alifanya alichofanya na kila mashine: alirudi mwanzo akafuata waya mmoja mmoja. Alianzia mahali asipotilia shaka. Mama ni mama, na kwa mama hupeleki bahasha. Hapo palikuwa pazima. Mama hupika kwa mapenzi. Hapo pia aliona pazima, mpaka akaukumbuka mwezi Bi Rahila alipokwenda Wete kumzika kakake. Mwezi huo mafundi walikula nini? Walikula kwa Mmalabari mwenye mkahawa, kando ya pampu ya mafuta. Hood alilipa kila Alhamisi, akachukua risiti, na mwisho wa mwaka akazitia risiti zile katika matumizi ya karakana. Hakuona haya. Hakuuliza kama ni uwongo. Chakula cha Mmalabari kilikuwa gharama ya kazi, na chakula kilekile, saa ileile, kikitoka jikoni kwa Bi Rahila, kilikuwa mapenzi.

Alisimamisha gari kando ya barabara. Hapakuwa na kitu cha kutazama, ila mchanga na uzio wa ngamia. Akakaa na mikono kwenye usukani. Siku zote hizi alikuwa ameikasirikia programu kwa kumwita mama yake mfanyakazi, na ilivyoelekea, yeye ndiye aliyekuwa ameukataa ukweli huo, akauita heshima. Hakujihukumu haraka, hiyo haikuwa tabia yake hata kwa nafsi yake. Lakini waya uliokatika alikwishauona, na fundi akishauona waya uliokatika hawezi kujifanya hajauona.

---

Bi Rahila alikuwa jikoni, amekaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi kilichokwisha meno, ungo wa choroko mapajani. Aliijua hatua ya Hood.

"Umerudi na njaa ama umerudi na maneno?"

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Basi ni maneno."

Hood alikaa kwenye ngazi ya mlango. Akazungumzia joto la Ibra. Akazungumzia barabara. Akazungumzia kodi, akaeleza jinsi bima inavyogawanywa na faida inavyopanda, na Bi Rahila aliendelea kuchagua choroko, akisema "enhe" mahali pasipohitaji "enhe", mpaka alipochoka.

"Hood, mimi sijui kodi. Nambie kijiwe chenyewe kiko wapi."

"Wanataka nikulipe mshahara."

Vidole vilitulia juu ya ungo. Hood aliharakisha. "Mimi nimekataa. Nimewaambia wewe si mtumishi. Lakini bila ya hivyo bima haifanywi upya, na jicho lako..."

"Umekataa?"

"Ndiyo."

"Ulinuliza?"

Nje mbuzi wa jirani alilia. Bi Rahila aliuinua ungo akauweka chini, akajifuta mikono kwa kanga.

"Ngoja nikwambie, mwanangu. Nilipokunyonyesha, marehemu baba yako alikuja na kitambaa kimefungwa fedha. Nikamrudishia. Nilimwambia mtoto huyu ni wangu na huyu wangu, sichukui ujira wa wangu. Na ningechukua isingekuwa aibu; mnyonyeshaji ana ujira wake katika dini, na Mungu hana haya kuutaja. Mimi nilisamehe kwa hiari yangu. Ile ilikuwa hiari yangu." Akauonyesha ungo kwa kidevu. "Hii ya mabakuli hujanipa hiari. Umenichagulia."

"Nilidhani nitakutusi."

"Unajua kinachonitusi? Nikitaka vocha nizungumze na dada yangu Wete, nikwambie Hood. Nikitaka uzi, nikwambie Hood. Akifa mtu, nataka kutoa rambirambi, nikwambie Hood, na wewe unanipa, hujaninyima hata siku moja, unanipa na zaidi. Lakini mtu mzima kuomba kila siku, hata akipewa, mkono unachoka."

Hood alitazama sakafu. Alitaka kusema kwamba hakujua, na ilikuwa kweli, na hakuona kama ingesaidia kitu.

"Ghaith unamlipa ngapi?" Bi Rahila aliuliza.

"Ghaith ni fundi, Mama."

"Nimeuliza tu. Sikusema unilipe kama Ghaith." Alikuwa karibu kucheka, lakini hakucheka. "Na Ijumaa sipiki. Mtakula mnachojua."

"Hupiki. Sawa."

"Na akipata mtu kijiwe katika choroko zangu, aseme. Msinifichie mifukoni. Nasikia vinalia kwenye mashine ya kufulia."

---

Asubuhi Hood alikwenda benki, kisha akakaa mbele ya kompyuta na karatasi ya Fawziya. Akajaza ujira wa mwaka uliopita, akaandika kwamba ulicheleweshwa. Akajaza wa mwezi huu. Akaiweka bima ya Bi Rahila upande wa wafanyakazi, akabonyeza, akangoja ihamishwe. Haikuhamishwa. Kijiduara kilizunguka muda mrefu, kama kinachotafuta sababu.

Mstari mwekundu ukatoka. Mahali pake ukaja wa manjano.

"Mfanyakazi amepita umri wa kawaida wa kazi. Thibitisha au ondoa."

Ghaith, aliyekuwa amesimama nyuma yake na bomba la gesi begani, alisema, "Bosi, hii kitu inatafuta kupigwa."

Hood alithibitisha. Manjano ikaondoka. Kodi ikaja, na ilikuwa namba ambayo hajawahi kuiona, si ya asubuhi wala ya adhuhuri wala ile ya alasiri iliyokuwa baina yao. Kwa haki ilipasa kupungua, maana mishahara imeongezeka. Ilikuwa imepungua, lakini si kwa kiasi kilichopasa. Alichukua kalamu aihesabu mwenyewe, akafika katikati, akabonyeza "kokotoa" ili ahakikishe, ikabadilika kidogo tena. Akaiweka kalamu chini. Alikaa akiitazama ile namba kama mtu anavyomtazama mgeni asiyemwelewa lugha. Kisha akawasilisha, akailipa, na mpaka leo hajui ilitoka wapi. Jambo hilo bado humkera akiwa anaendesha gari.

Orodha ilitoka na alama ya kijani. Bima ikafanywa upya zikiwa zimebaki siku chache. Kadi mpya zilikuja zimefungwa pamoja kwa mpira, na Hood akaichomoa ya Bi Rahila akaipeleka jikoni mwenyewe, saa ambayo moshi wa vitunguu ulikuwa umejaa mpaka mlangoni.

"Isome," Bi Rahila alisema. "Mimi naona ukungu tu."

Hood akaisoma. Jina lake, jina la babake, tarehe.

"Na kazi?"

"Mpishi."

"Mpishi wa nani?"

"Wa karakana."

Bi Rahila alinyoosha mkono akaipokea kadi, akaipapasa pembe zake zote, akaifunga katika pindo la kanga penye simu na kijiko kidogo cha chumvi. Kisha akageukia chungu chake.

"Vyema," alisema. "Sasa nipishe jikoni, Hood. Niko kazini."